Alhamisi za Paroko Wetu

Kila Alhamisi saa nane mchana Paroko wetu alikuwa anavua kanzu, anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi, anavaa shati la drafti lililopauka mabegani, halafu anawasha pikipiki kwenda Mpanda mjini. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya parokia, na meza yangu ilitazama mlango ule. Mchana wote uliobaki nilikuwa naandika vyeti vya ubatizo mbele ya kanzu isiyo na mtu.

Alikuwa anakwenda kwenye chama cha haki za binadamu. Hakikuwa chama cha Kanisa. Kilianzishwa na watu wa mjini wa kila namna: muuguzi mstaafu, mafundi, walimu wawili watatu, na mwenyekiti wao alikuwa Mzee Ramadhani, mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Walikutana kwenye chumba cha nyuma ya duka hilo, katikati ya matairi na minyororo, na kazi yao kubwa ilikuwa kuwashika mkono watu wasiojua waanzie wapi: mjane aliyenyang'anywa shamba, mfugaji ambaye malalamiko yake hayasikilizwi, binti aliyeachishwa shule ili aolewe. Paroko alikuwa mwanachama kama wengine. Hakuwa mlezi wao wala mgeni rasmi. Akichelewa na kukuta viti vimejaa, anakaa juu ya tairi.

Siku hizi yuko parokia nyingine, upande wa Inyonga, na nimesikia zaidi ya mara moja watu wakisema aliondolewa kwetu kwa sababu ya Alhamisi zile. Sivyo ilivyokuwa; alihamishwa baadaye, kwa zamu ya kawaida kama mapadri wengine. Nilikuwepo, na sehemu moja ya jambo lile, ile mbaya, niliifanya kwa mkono wangu. Kwa hiyo nieleze, na msomaji anivumilie nikieleza polepole, maana mtu yule huwezi kumweleza kwa haraka.

Alipenda kubishana kuliko alivyopenda kula. Alibishana na kwaya juu ya ngoma, na mafundi juu ya paa, na mimi juu ya namna ya kupanga mafaili. Lakini hakubishana na mtu kabla hajamsikiliza mpaka mwisho. "Kwanza tusikilize," alikuwa anasema, "hasira ipo tu, haiendi popote." Neno hilo aliwaambia wanandoa, wazee wa vigango, na siku moja alimwambia mbwa wa jirani aliyekuwa anambwekea. Yeye mwenyewe lakini alikuwa mwepesi wa hasira, hasa kwa wanaochelewa Misa. Mtu akiingia katikati ya mahubiri, Paroko ananyamaza, anamtazama mpaka akae, ndipo anaendelea. Watu wazima walikuwa wanaona bora warudi nyumbani kuliko kutembea kwenye ule ukimya.

Na bado hakuna aliyechelewa kama yeye. Njiani alisimama kuongea na kila mtu. Jumapili moja kwenye kigango cha Mwamkulu tulimngoja karibu saa nzima. Alipoingia mbio, vumbi mpaka kwenye nyusi, bibi mmoja wa kiti cha mbele akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Paroko, leo na wewe tukunyamazie mpaka ukae?" Kanisa zima likanyamaza, likamtazama akitembea hadi altareni. Alianza Ishara ya Msalaba akiwa bado anajizuia kucheka, na mahubiri ya siku ile yalikuwa mafupi.

Kwa lugha za watu alikuwa na bidii isiyo sawa. Kisukuma alikijua vizuri, alijifunza kwa miaka mingi kwenye maboma ya wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao. Kirundi kilimshinda. Tulikwenda naye Mishamo mara nyingi, kwa familia ambazo wazazi wao walikuja kama wakimbizi, na kila mara alishuka kwenye pikipiki akisema "Mwaramutse!" kwa furaha kubwa. "Padri, hiyo ni ya asubuhi," mama mmoja alimwambia. "Sasa ni saa tisa."

"Basi nimewasalimia ya kesho," akasema, akaenda kukaa nao kwenye maharage waliyokuwa wanapura. Wakamweleza shida yao, nayo ilikuwa njia ya kwenda kisimani iliyozibwa na jirani. Yule mama akamwambia waandike kwa jina lake yeye Padri ili waogopwe. Akakataa. Alikaa pale mpaka jua likalala akiwaeleza namna ya kuandika wenyewe, sentensi kwa sentensi, na wao wakazidi kumwambia kwamba Padri mwingine angeshaandika akaenda zake.

Kuhusu haki, aliyemtia aibu kuliko wote alikuwa mpishi wa nyumba ya mapadri. Paroko alikuwa mezani akimsimulia Padri msaidizi habari za wafanyakazi wa mashamba ya tumbaku, wanavyofanya kazi bila siku ya kupumzika. Mpishi akaweka bakuli la mboga, akafuta mikono kwenye aproni. "Padri, na mimi ni binadamu wa hizo haki, au hizo ni za Alhamisi tu? Tangu Pasaka sijapumzika." Ilikuwa Agosti. Paroko aliacha kijiko. Kuanzia wiki ile Jumanne ikawa siku ya mapumziko ya mpishi, na Jumanne Paroko akawa anasonga ugali mwenyewe. Ulikuwa na madonge ya unga mbichi ndani. Padri msaidizi aliula kwa uvumilivu, na mimi nilianza kuja na chakula changu kutoka nyumbani.

Sasa nije kwenye chama. Watu wengi hudhani padri hawezi kabisa kujiunga na chama cha nje ya Kanisa. Paroko alinieleza, nami naeleza nilivyoelewa. Sheria ya Kanisa haimkatazi padri kuungana na wengine kwenye jambo jema, mradi malengo ya chama na kazi zake visigongane na upadri wake. Inamkataza kushika madaraka ya serikali. Na yapo majukumu, kama kusimamia mali za watu wengine, ambayo lazima kwanza apate ruhusa ya askofu wake. Yeye hakutaka kubahatisha. Kabla ya kujaza fomu alimwandikia Baba Askofu, akasubiri. Jibu lilikuja fupi na nililitia mwenyewe kwenye faili: ajiunge kwa jina lake, si kwa jina la parokia, asishike uongozi wowote, na mahubiri yabaki ya Injili.

Mwenyekiti wa halmashauri ya walei hakuridhika hata baada ya kuonyeshwa barua ile. "Padri, chama chako ni Kanisa," alimwambia kwenye kikao. "Kanisa halikutoshi?"

"Linanitosha sana, Mwenyekiti. Lakini siwezi kumwambia Mzee Ramadhani abatizwe kwanza ndipo tumsaidie jirani."

"Sasa watu wakikuona huko mjini, wanaona padri au wanaona mwanaharakati?"

"Wanaona mtu amekaa kwenye tairi."

Kikao kilicheka, lakini mwenyekiti hakucheka, na Paroko aliona. Baadaye aliniambia kwamba swali lile lilikuwa zuri kuliko jibu lake. "Mimi ni padri hata nikiwa naoga," alisema. "Ila parokia si mimi. Hapo ndipo pa kuchunga, Mama Sesi."

Aliyeshindwa kuchunga ni mimi.

Kulikuwa na mjane anaitwa Minza, ameolewa kwenye familia ya wafugaji. Mumewe alipofariki, shemeji yake, Masanja, aliingiza plau kwenye shamba lake akapanda maharage, akisema shamba ni la ukoo. Kiswahili cha Minza kilikuwa cha kununulia chumvi. Mambo mazito aliyasema kwa Kisukuma, na kwenye chama aliyeweza kumsikiliza mpaka mwisho alikuwa Paroko peke yake. Wakamkabidhi yeye amsindikize. Wanachama wakaandika barua kwa serikali ya kijiji, wakiomba baraza la ardhi la kijiji likae liwapatanishe. Wote walisaini. Paroko aliandika jina lake tu, bila neno Padri mbele. Asubuhi ya Ijumaa akaiweka mezani kwangu. "Mama Sesi, hii ifike kijijini leo," akasema, akaondoka kumpa mgonjwa sakramenti.

Niwaeleze kuhusu muhuri. Kijijini karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia vitumbua. Mtendaji haisomi, anaigeuza, anatafuta duara la wino, asipoliona anairudisha. Mimi nilikuwa nimegonga muhuri wa parokia kwa miaka kumi na mmoja, kwenye vyeti, kwenye barua za utambulisho, hata kwenye tangazo la mbuzi aliyepotea. Mkono wangu haukuuliza kichwa. Nikafungua kabati, nikaupuliza, nikaugonga chini ya saini zote, wino ukakaa vizuri bila kuchafuka, nikaridhika.

Masanja aliiona barua ofisi ya kijiji. Alikuwa Mkatoliki, mwenyekiti wa jumuiya yake ndogo ndogo. Akaupiga picha ule muhuri kwa simu, akaenda nao mpaka kwa Baba Askofu. Na lazima nimtendee haki: hata mimi ningekwenda. "Kila wiki naongoza rozari," alinilalamikia baadaye, "halafu Kanisa langu ndilo linanishitaki? Tena bila kuniita?" Ndivyo karatasi ile ilivyosema. Wanachama kumi na wawili waliandika kwa majina yao, na muhuri wangu ukazungumza kwa sauti kubwa kuliko wote.

Barua ya Askofu ilimtaka Paroko afike Jumatatu ya wiki ya tatu tangu aipokee, akiwa na maelezo ya maandishi. Mpaka atakapoeleza, asihudhurie chama. Na Jumatano ya wiki hiyohiyo ndipo baraza lilipopangwa kukaa. Kama ruhusa ingefutwa, Minza angesimama peke yake mbele ya wazee na Kiswahili chake cha chumvi.

Alhamisi mbili msumari ulikaa mtupu. Saa nane ilifika, Paroko akabaki na kanzu yake, akapanga upya vitabu alivyovipanga asubuhi. Alhamisi ya pili Mzee Ramadhani alikuja mwenyewe kwa baiskeli, shati limelowa.

"Padri, tairi lako lipo tu. Hakuna anayelikalia."

"Mtafutieni Minza mtu mwingine, Mzee wangu. Msinitegemee."

"Nani? Mimi Kisukuma changu ni cha kuuza pampu." Akanywa maji niliyompa, akashusha glasi. "Kwani huo muhuri umefikaje pale? Sisi tulikupa karatasi safi."

Paroko akasema, "Umefika." Mimi nikainama kutafuta kitu kwenye droo.

Ijumaa alinisomea maelezo niyachape. Alisimama dirishani, akasema taratibu ili nisikosee: "Muhuri uligongwa katika ofisi yangu. Ofisi ni yangu na kosa ni langu. Naomba ruhusa niliyopewa isihukumiwe kwa kosa hilo." Nikachapa. Nikachapa hata nukta. Nikampa, akasaini, akaniambia asante kama siku zote, na asante ile sikuweza kuitua mahali popote Jumamosi yote na Jumapili yote. Misa nzima nilikuwa naona neno "langu" nililolichapa kwa vidole vyangu.

Jumatatu sikufungua ofisi. Nilipanda bodaboda mpaka mjini nikiwa na karatasi niliyoiandika kwa mkono. Kwenye benchi nje ya ofisi ya Askofu nikamkuta Paroko, kanzu imepigwa pasi, bahasha magotini.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele. Mama Sesi, wewe unafuata nini huku?"

"Nimekuja kusema ukweli wa muhuri, Baba. Niliugonga mimi."

Akanitazama. "Kumbe. Mimi nilidhani panya."

"Ulijua?"

"Kabati lina ufunguo mmoja na unauvaa shingoni."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja useme. Nikaona unachelewa, na mimi wanaochelewa unajua navyowafanya. Nikanyamaza." Halafu akaacha utani. "Na mimi nilikosea, mama. Nilichukua karatasi ya chama nikaiweka kwenye meza ya parokia, nikakwambia ifike. Ungefanya nini? Ningeipeleka mwenyewe nikiwa na shati langu, tusingekuwa hapa."

Tuliitwa pamoja. Baba Askofu alisoma bahasha ya Paroko, akasoma karatasi yangu, akarudia ya kwangu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti. Akaniuliza, si kwa ukali, "Mama, kwa nini uligonga?"

"Baba Askofu, kijijini karatasi bila muhuri ni ya kufungia vitumbua."

Alivua miwani, akajifuta macho, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. Alipomaliza alimgeukia Paroko. Akamwambia kwamba ruhusa inabaki kama ilivyokuwa: mwanachama, kwa jina lake, bila uongozi. Lakini Masanja ni muumini wake, na ameumizwa na karatasi, kwa hiyo aandikiwe na parokia, na serikali ya kijiji nayo iandikiwe, kwamba muhuri ule uligongwa kimakosa na parokia haina upande kwenye shauri lile. Ziandikwe leo, zifike kesho.

Nilipaswa kunyamaza hapo. Nikauliza, "Baba Askofu, hiyo barua ya kusema muhuri ulikosewa, itapokelewaje kama haina muhuri?"

Paroko akatazama dari. Baba Askofu akafikiri kweli, mkono kidevuni.

"Hiyo ni barua ya parokia," akasema. "Hiyo gonga."

Tulirudi kwa pikipiki ya Paroko, mimi nyuma, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu niliona maua ya alizeti barabarani. Nilizichapa barua mbili. Akazisoma, akazisaini, akanisogezea. Nilimuuliza, "Nigonge?" Akasema, "Umeuliza, umeruhusiwa, gonga." Nikagonga.

Jumanne mtendaji aliigeuza ya kijiji, akaliona duara, akaifungulia faili. Ya Masanja Paroko alimpelekea mwenyewe nyumbani, na walikaa huko kwa muda mrefu. Sikuwapo, na wote wawili hawakunisimulia.

Jumatano niliomba ruhusa nikaenda barazani. Wazee saba walikaa mbele. Kwetu sisi kulikuwa na benchi moja tu. Minza alikaa mwisho wa upande huu, Masanja mwisho wa upande ule. Paroko alikuja na shati la drafti, akasimama akitafuta pa kukaa, na Masanja akasogea. Paroko akaketi katikati yao.

"Padri," Masanja akamnong'oneza, sote tukasikia, "na nikishindwa leo, Jumapili utanipa Komunyo?"

"Ukija mapema."

Mwenyekiti wa baraza alimuuliza Paroko anasimama kama nani. Alijibu kwamba ni mwanachama aliyetumwa na wenzake kumsindikiza Minza, na kwa kuwa wazee wamekubali, atamtafsiria. Parokia imeshasema kwa barua kwamba haina upande. Halafu akamgeukia Minza, naye akasema. Alisema kwa muda mrefu kwa lugha yake, bila kulia, na Paroko alitafsiri bila kuongeza chumvi, hata pale Minza alipokiri kwamba mumewe alikuwa ameahidi kumgawia Masanja kipande cha upande wa korongo. Ni pale, nafikiri, Masanja alipolegea. Hakutegemea kusikia hilo kutoka upande ule.

Kabla ya saa saba wakapatana. Shamba libaki la Minza na watoto wake, Masanja avune maharage yake kisha aondoe plau, na kile kipande cha korongoni kiwe chake kama kaka yake alivyosema. Tulitembea wote kwenda kuonyeshwa mpaka, kama ilivyo desturi, na Masanja mwenyewe akachimba mashimo ya kupanda mikonge. Alichimba kwa nguvu, mtu aliyechoka kugombana. Minza alishika miche, akawa anaikabidhi mmoja mmoja.

Mtendaji aliandika mapatano kwenye daftari lake akiliegemeza kwenye tangi la pikipiki, na mashahidi tukaja kusaini. Alikuwa amechora safu tatu: jina, cheo, saini. Kwangu aliandika karani. Alipofika kwa Paroko, kalamu ikasimama.

"Hapa kwenye cheo niandike nini, Padri?"

"Acha wazi."

Mtendaji akaacha wazi, akamgeuzia daftari, na Paroko akasaini.